Shostakovich hahitaji kusafishwa

Mtunzi wa muziki Dmitri Shostakovich alipofariki Moscow tarehe 9 Agosti 1975, dola ya Kisovieti ilimuaga kama mwana mwaminifu wa Chama cha Kikomunisti. Alikuwa na medali, tuzo na vyeo ambavyo watunzi wenzake wengi hawakuvipata. Miaka minne baadaye kikatoka kitabu New York, Testimony, kilichoandaliwa na mwandishi wa habari Solomon Volkov, aliyekuwa amehamia Marekani. Volkov alisema hizo ni kumbukumbu ambazo Shostakovich mwenyewe alimsimulia. Mzee anayezungumza humo ni mchungu, anamchukia Stalin, na anadai kwamba simfoni zake, yaani kazi zake ndefu za okestra, zilizosifiwa na serikali zilikuwa zikiisema serikali hiyohiyo vibaya. Tangu hapo wapenzi wa muziki wake wamegawanyika. Kuna wanaomwona mtumishi wa dola aliyejaliwa kipaji kikubwa, na kuna wanaomwona mpinzani wa siri aliyeficha ujumbe kwenye noti.

Mimi nampenda sana mtunzi huyu. Kwa sababu hiyo nasema jambo ambalo baadhi ya wapenzi wenzangu hawalipendi: hoja ya mpinzani wa siri, kwa jinsi inavyotolewa mara nyingi, inamdhulumu. Inamtafutia usafi ambao maisha yake hayakuwa nao, kisha inauachia muziki wake kazi ndogo kuliko ile uliyoifanya kweli.

Tuanze na pale hoja hiyo ilipo imara. Opera yake, Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk, ilizinduliwa Leningrad Januari 1934 na kwa miaka miwili ilipendwa mno, huko na Moscow. Tarehe 26 Januari 1936 Stalin akaenda kuitazama. Siku mbili baadaye gazeti la Chama, Pravda, likachapisha makala isiyo na jina la mwandishi, kichwa chake "Vurugu Badala ya Muziki", iliyoonya kwamba mchezo wa namna hii unaweza kuishia pabaya sana. Shostakovich alikuwa na miaka 29. Waliomsifu jana wakaanza kumkana. Desemba mwaka huohuo, mazoezi ya Simfoni yake ya Nne yakiwa yameshaanza, aliiondoa isipigwe, na haikusikika hadi Desemba 1961.

Kwake hofu haikuwa ya kusikia kwa watu. Marshali Tukhachevsky, aliyekuwa mlezi na mtetezi wake, alipigwa risasi Juni 1937. Shemeji yake, mwanafizikia Vsevolod Frederiks, alikamatwa. Dada yake Maria alipelekwa uhamishoni, na mama mkwe wake kambini. Katika hali hiyo ndipo alipotunga Simfoni ya Tano, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Leningrad tarehe 21 Novemba 1937 chini ya uongozi wa Yevgeny Mravinsky, kijana asiyejulikana sana wakati huo.

Ukitaka kujua kwa nini watu wanabishana juu ya Shostakovich hadi leo, sikiliza sehemu ya tatu ya simfoni hiyo, Largo. Ameziondoa tarumbeta na ala zote za shaba. Amezigawa fidla makundi matatu badala ya mawili ya kawaida, kwa hiyo sauti ya nyuzi inakuwa nyembamba na pana kwa wakati mmoja. Katikati, ala za upuliziaji zinaingia mojamoja, peke yake kila moja, juu ya mtetemo mdogo wa fidla. Inafika mahali nyuzi zote zinalia kwa nguvu, kisha kila kitu kinarudi chini. Waliokuwamo ukumbini walieleza kwamba watu walitokwa machozi hadharani, na kwamba mwishoni makofi yaliendelea kwa zaidi ya nusu saa.

Fikiria ni mwaka gani. Watu walichukuliwa usiku, na kuonyesha huzuni kwa ajili ya ndugu aliyetangazwa adui wa taifa kungeweza kukuletea balaa hilohilo. Ghafla unapewa robo saa ya kulia mbele ya watu, ndani ya ukumbi wa serikali, bila mtu kukuuliza unamlilia nani. Hilo halikuhitaji fumbo lolote kutoka kwa mtunzi. Hata kama Shostakovich alipoandika Largo hakumfikiria Stalin hata kidogo, Largo ilifanya kazi hiyo. Wanaotafuta ujumbe wa siri wanalisahau hili: wanahamishia maana yote kichwani mwa mtunzi, na wale wasikilizaji wa Leningrad wanabaki watu wa kupokea tu.

Sehemu ya mwisho ya simfoni hiyo ndiyo uwanja mkuu wa mapigano. Inamalizika kwa shangwe: timpani, ngoma kubwa za okestra, zinapiga, shaba zinanguruma, na nyuzi pamoja na ala za upuliziaji zinarudia noti moja, La, tena na tena. Wakati ule ilielezwa kuwa ni ushindi, na simfoni nzima ikapachikwa maneno ya mwandishi wa habari kwamba ni jibu la msanii wa Kisovieti kwa ukosoaji wa haki. Kitabu cha Volkov kinasema kinyume: ni furaha ya kulazimishwa, kama ya mtu anayepigwa fimbo na kuamriwa ashangilie. Jambo la kuvutia ni kwamba hata noti zilizochapwa hazituamulii. Matoleo yanatofautiana juu ya kasi ya ukurasa huo wa mwisho, na kasi moja ni karibu maradufu ya nyingine. Leonard Bernstein aliupiga mbio, ukawa sherehe. Mstislav Rostropovich, aliyekuwa rafiki wa mtunzi, aliupiga polepole, ukawa mzito kama adhabu. Nimesikiliza zote mbili mara nyingi na naona zote zinasimama. Kwangu mimi huo ni utajiri wa kazi yenyewe, wala si kasoro inayosubiri mtu aje na ufunguo.

Sasa kitabu chenyewe. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani Laurel Fay alionyesha tatizo kubwa. Volkov alikuwa ametoa kama uthibitisho saini za Shostakovich mwanzoni mwa sura. Lakini vifungu kwenye kurasa hizo vilifanana, karibu neno kwa neno, na makala za zamani ambazo Shostakovich alishazichapisha katika magazeti ya Kisovieti, makala zisizo na hatari yoyote. Yaani alichokitia saini kinaweza kuwa maandishi yake ya zamani tu, na yale makali yaliyofuata yasiwe yake. Nakala ya Kirusi haijawahi kuchapishwa ili watu wailinganishe. Mjane wake, Irina, amesema mikutano ya Volkov na mumewe ilikuwa michache mno kuzaa kitabu cha ukubwa ule.

Watetezi nao hawakubaki mikono mitupu. Mpiga piano Vladimir Ashkenazy, aliyekulia katika mazingira yale, alisema sura ya mtu anayoiona humo ni ya kweli. Marafiki kadhaa walithibitisha kwamba faraghani Shostakovich alisema mambo yanayofanana na hayo. Hilo nalikubali. Kuna hata ushahidi wa mkono wake mwenyewe: Rayok, dhihaka yake juu ya kampeni ya mwaka 1948 dhidi ya watunzi, iliyobaki kabatini na kusikika hadharani mwaka 1989 tu. Kwamba alimdharau Zhdanov, kiongozi wa Chama aliyeendesha kampeni hiyo, na genge lake halina ubishi. Lakini kitabu kinaweza kumpatia mtu tabia yake sawasawa na bado kisiwe maneno yake. Ukinukuu sentensi ya Testimony kama kauli ya Shostakovich, unajenga juu ya mchanga.

Na hapa ndipo upande wa pili unapopaswa kusikilizwa bila kukatizwa. Machi 1949 alipelekwa New York kwenye mkutano wa amani. Mtunzi mhamiaji Nicolas Nabokov akamuuliza mbele ya watu kama anakubaliana na mashambulizi ya magazeti ya Kisovieti dhidi ya mtunzi Stravinsky na wengine wa Magharibi. Akajibu kwamba anakubaliana kabisa. Alimheshimu mno Stravinsky, kwa hiyo inauma kusoma jibu hilo. Hata hivyo siwezi kumhukumu kwa siku ile. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefukuzwa ualimu Moscow na Leningrad, na familia yake ilikuwa nyumbani, mikononi mwa watu wa Stalin.

Mwaka 1960 ni mgumu zaidi. Stalin alikuwa amekufa miaka saba. Shostakovich akakubali kuongoza chama cha watunzi cha Urusi na kuomba uanachama wa Chama cha Kikomunisti. Rafiki yake Isaak Glikman alimkuta akilia kwa sababu ya uamuzi huo. Wiki chache baadaye, akiwa Gohrisch karibu na Dresden kwa kazi ya filamu, aliandika kwa siku tatu Kwateti ya Nyuzi ya Nane, kazi ya wapigaji wanne wa ala za nyuzi. Hadharani aliitoa kwa wahanga wa ufashisti na vita. Kwa Glikman aliandika kwamba amefikiri akifa hakuna atakayemtungia kazi ya kumkumbuka, basi ameitunga mwenyewe. Imejaa noti nne zinazotokana na jina lake, Re, Mi bemoli, Do, Si, pamoja na vipande vya kazi zake za zamani, ukiwemo wimbo kutoka ile opera iliyolaaniwa. Hapa hatuhitaji Volkov. Barua ipo, noti zipo. Na zinachosema ni aibu na majonzi ya mtu aliyejua amefanya nini. Upinzani siuoni humo.

Aliwahi kuwa jasiri pia, na ujasiri huo una majina na tarehe. Mtunzi Mieczysław Weinberg alipokamatwa Februari 1953, Stalin angali hai, Shostakovich alimwandikia Beria, kigogo wa vyombo vya usalama, kumtetea. Desemba 1962 alisimamia kupigwa kwa Simfoni ya Kumi na Tatu, iliyotumia shairi la Yevgeny Yevtushenko juu ya mauaji ya Wayahudi huko Babi Yar, bonde la Kyiv, na chuki dhidi yao ndani ya Urusi. Mravinsky alijitoa, Kirill Kondrashin akaiongoza. Hakukuwa na fumbo hapo. Maneno yaliimbwa kwa sauti nzito ya kiume, na wakubwa wakayaelewa vizuri kiasi cha kulazimisha baadhi ya mistari ibadilishwe.

Ndiyo maana Septemba 1973 inanitia simanzi kuliko yote. Pravda lilichapisha barua ya wanamuziki wakimshutumu Andrei Sakharov, mwanafizikia na mtetezi wa haki za binadamu, na jina la Shostakovich lilikuwamo. Irina amesema mumewe hakuitia saini. Inawezekana, kwani majina yaliweza kuongezwa. Lakini hakuikanusha hadharani, na Sakharov alikuwa mtu halisi aliyekuwa akiandamwa siku hizohizo. Mwandishi Lydia Chukovskaya alisema saini hiyo imemaliza swali la mshairi Pushkin kama kipaji kikuu na uovu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Ni maneno makali kuliko ambavyo mimi ningethubutu. Shostakovich wa mwaka 1973 alikuwa mgonjwa, na hofu iliyomwingia akiwa kijana haikumtoka. Lakini hakuwa tena mtu wa kupigwa risasi usiku. Rostropovich, aliyemhifadhi mwandishi mpinzani Solzhenitsyn nyumbani kwake na kuandika barua ya wazi mwaka 1970, alilipia gharama kubwa bila kunyamaza.

Anayesema kwamba saini ilikuwa kinyago na ukweli uko kwenye kwateti, anamwambia Sakharov kwamba madhara yake hayakuwa na maana. Anayesema kwamba saini inaichafua kwateti, yeye anawanyang'anya wale watu wa Leningrad machozi yao ya 1937. Siwezi kukubali lolote kati ya hayo. Barua ya 1973 inajibiwa kama barua: nani aliumia, nani alinyamaza. Simfoni inasikilizwa kama simfoni, pamoja na mwaka ilipopigwa na watu waliokuwa wamekaa vitini. Kama unaanza leo, anza na Nne kabla ya Tano. Ni saa nzima ya muziki ambayo haikumpendeza mtu yeyote serikalini na wala haikujaribu, na inaishia kwa selesta, kinanda kidogo chenye sauti ya kengele, ikipiga taratibu juu ya nyuzi zisizotikisika, bila ushindi wowote wa watu kubishania.