Bei ya Kahawa Haiji na Upepo

Kila msimu wa kahawa ukianza, hapa Moshi hurudi wimbo uleule: liacheni soko lifanye kazi yake. Bei ikipanda, soko limeamua. Ikishuka, soko limeamua. Mimi huuliza, soko gani hilo? Nenda kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, Kibosho au Uru. Karani anachota kiganja cha kahawa ya maganda, anaichambua kwa kidole, anang'ata punje moja kuona kama imekauka, kisha gunia linapanda mizani. Bei imeandikwa kwa chaki tangu asubuhi. Mkulima hakuulizwa. Karani naye hakuulizwa: chama kinaangalia mnada, na mnada unaangalia New York, ambako bei ya arabika hutajwa kwa senti za dola kwa kila ratili.

Uchumi tunaofundishwa shuleni huanza na wauzaji wengi na wanunuzi wengi, asiwepo mwenye ubavu wa kuisogeza bei. Mwaka 1933 Joan Robinson, mchumi wa Uingereza, alieleza kinachotokea mnunuzi akiwa mmoja: hununua kidogo, tena kwa bei ya chini kuliko ambayo angelipa kama angekuwa na washindani. Mwaka huohuo, hapa mlimani, iliundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, kuchukua nafasi ya chama cha wakulima cha mwaka 1925, ili kahawa ya Wachagga iuzwe kwa pamoja. Sidhani kama kuna aliyekuwa amemsoma Robinson. Lakini tabia za wanunuzi walikuwa wanazijua.

John Kenneth Galbraith, mchumi wa Marekani, mwaka 1952 alisema penye nguvu kubwa upande mmoja huzuka nguvu nyingine ya kuikabili. Nakubaliana naye nusu. Nguvu hiyo haizuki yenyewe, na huvunjwa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1989 ukasambaratika mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza nje, na bei ikaporomoka ndani ya miezi michache. Wazungu hawakuacha kunywa kahawa mwaka ule. Ila mpini ulishikwa na wengine.

Ndiyo maana ubishi wa "serikali au soko" hunichosha. Kampuni kubwa za kukaanga kahawa zinapanga kila siku: zina akiba maghalani, zina mikataba ya mbele (bei inakubaliwa leo, mzigo unakuja baadaye), na zinachanganya kahawa za nchi mbalimbali, hivyo ya kwetu ikipanda bei wanapunguza yetu na kuongeza ya kwingine. Huo ni mpango kamili, sema tu haupitishwi bungeni. (Na sisi tunaolima, wengi wetu asubuhi tunakunywa chai. Hayo tuyaache.)

Ushirika nao si malaika. Kuna vyama vilivyokopa bila wanachama kujua, kuna malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yanayosubiriwa hadi mtu anasahau. Lakini viongozi wa chama unaweza kuwabana kwenye mkutano mkuu, ukadai hesabu, ukawaondoa kwa kura. Kwenye mkutano wa wanahisa wa kampuni hizo za kukaanga kule Ulaya, mkulima wa Uru hana hata kiti cha nyuma.