Je, Bakora ya Baba Ndiyo Iliyomjenga Friedrich wa Pili?

Watetezi wa malezi ya ukali hawakosi mifano, na mmoja usio rahisi kuupuuza ni wa Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ambaye historia imemwita Mkuu. Baba yake, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, hakuvumilia filimbi wala vitabu vya Kifaransa ambavyo kijana huyo alivipenda, na alimchapa bakora hadharani. Mwaka 1730, akiwa na umri wa miaka 18, mwana alijaribu kutoroka. Alikamatwa akafungwa katika ngome ya Küstrin, na rafiki yake Hans Hermann von Katte, aliyeshiriki mpango wa kutoroka na ambaye mahakama ya kijeshi ilikuwa imemhukumu kifungo cha maisha, akakatwa kichwa kwa amri ya mfalme. Mwana alisogezwa dirishani ashuhudie, akazimia.

Miaka 10 baadaye alirithi kiti, na kabla mwaka 1740 haujaisha alikwisha kuivamia Silesia, jimbo la Austria. Hapo ndipo wanaoamini kwamba mcha mwana kulia hulia yeye husema: tazameni, mpiga filimbi amekuwa jemadari. Hoja yao si ya kubezwa, kwa sababu baada ya Küstrin baba alimweka katika ofisi ya utawala ajifunze kodi na mashamba ya serikali, na mafunzo hayo yalimfaa maisha yake yote.

Lakini mafunzo hayakuhitaji bakora. Jeshi la watu wapatao 80,000 na hazina iliyojaa vilikuwa urithi ambao hata mwana aliyedekezwa angeupokea. Kipigo chenyewe, kwa maoni yangu, kilimfundisha kujificha: alimwandikia baba barua za unyenyekevu huku filimbi ikiendelea, alikubali mke aliyechaguliwa kwa ajili yake mwaka 1733, kisha alipotawala akamtenga. Filimbi, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kung'olewa, ilibaki naye hadi uzeeni. Ni kweli pia kwamba siku chache baada ya kushika madaraka alipiga marufuku utesaji wa washtakiwa, isipokuwa katika makosa machache, kwa hiyo haitakuwa haki kudai kwamba mateso yalizaa ukatili mtupu.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni wa mdogo wake, August Wilhelm, kipenzi cha baba yuleyule. Mwaka 1757 alipewa kikosi, akarudi nyuma kwa hasara, na kaka yake akamfedhehesha na kumwondoa jeshini. Mwaka uliofuata akafariki. Mtetezi wa ukali atasema aliyependwa ndiye aliyeshindwa vitani. Huenda, ingawa kushindwa huko kulifuata pigo ambalo Friedrich mwenyewe alikuwa amelipata katika mapigano ya Kolin muda mfupi kabla, na hakuna aliyemfedhehesha yeye. Namna alivyomkemea ndugu yake hakuisoma katika vitabu vya Kifaransa. Aliijua tangu alipokuwa yeye ndiye anayekemewa.