Anayekula Ni Mmoja, Anayelalia Makombo Ni Mwingine

Mimi ni mtu wa kilo 96, na ninaanza na kilo hizo kwa sababu bila kuzijua hutaelewa dhuluma ninayofanyiwa kila usiku nyumbani kwangu hapa Katuba, Lubumbashi. Godoro letu ni la sponji. Tulilinunua likiwa limenyooka kama ubao, lakini miaka saba ya kulilalia imeufanya upande wangu kuwa bonde, ilhali upande wa mama watoto, ambaye akipanda juu ya mzani mshale husogea kwa kuona haya, umebaki mlima. Huko mlimani ndiko anakoketi saa tatu za usiku, ameegemea ukuta, blanketi limemfika kifuani, na sahani ya karanga za kukaanga iko mapajani. Kila aliyewahi kuangusha chungwa kwenye mteremko anajua vitu vya mviringo vinaelekea wapi.

Karanga yenyewe si adui yangu, maana ikinifikia nzima ninaila. Adui ni kile kigozi chekundu kinachoivika. Mke wangu huzitia karanga tano sita kiganjani, akazisugua kwa kiganja cha pili, akafumbua mikono, kisha akapuliza. Hupuliza kwa upole, kama mtu anayewasha makaa ya mbabula, yaani jiko letu la mkaa, na vigozi huruka, hutua juu ya shuka, hutulia kidogo kama abiria wanaosubiri gari, halafu nikivuta pumzi tu huanza safari ya kuteremka. Chumvi hufuata. Kufikia saa nne nimekwisha kupakwa chumvi mgongo mzima kama samaki wa kuanikwa, na yeye, aliyekula, amelala upande wake uliokauka na kusafika kama meza ya padri.

Mwezi uliopita kinyozi wangu alikunja kola ya shati langu ili aninyoe kisogo, akatoa humo nusu ya karanga, akaiweka mbele ya kioo karibu na kopo la poda, akaendelea kunyoa. Hakuuliza kitu. Ningependelea aulize.

Ninajua wapo watakaosema kwamba neno la kutatua jambo hili ni moja tu: meza. Nami nililelewa hivyo. Bibi yangu, mke wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, alikuwa miongoni mwa wanawake ambao katika miaka ya 1950 walifundishwa katika nyumba za masomo ya akina mama, zilizoitwa fwaye sosiali, namna ya kushona, kupika na kutunza nyumba, na mafundisho hayo aliyahubiri hadi kufa kwake: mezani watu hula, kitandani watu hulala, na anayechanganya hayo mawili ataota ndoto za panya. Kwa hiyo tulipooana nilinunua meza, meza ya mbao ya mninga, yenye viti sita.

Tangu siku hiyo sijawahi kuila. Samahani, sijawahi kuilia. Meza hiyo imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa pamewekwa nailoni ili kitambaa kisichafuke, juu ya nailoni kuna chombo cha maua ya plastiki, na juu ya kiti kimoja kimoja kuna kitambaa kingine kidogo ambacho ukikikalia unakuja kuulizwa. Meza ni ya wageni. Sisi wenye nyumba hula tumeketi kwenye vigoda karibu na mbabula, au kwenye kochi tukiwa tumeshika sahani mikononi, na umeme ukikatika, jambo ambalo mjini kwetu halimshangazi mtu, kila mmoja hujua njia ya kwenda kitandani kwa kupapasa, akiwa na sahani yake. Nilipomwambia mke wangu kwamba karanga zina mahali pake, akaniuliza kwa sauti ya upole: «Papa, unataka nikale mezani, nimwage vigozi kwenye kitambaa cha wageni?»

Tena ana baridi ya kumtetea. Wanaoishi pwani wakisikia Kongo hufikiri kwamba sote tunatoka jasho, kumbe Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Katika miezi hiyo sakafu ya saruji huuma nyayo, na nyumba nzima hubaki na mahali pamoja penye joto, napo ni pale nilipokwisha kulala mimi. Mke wangu husema waziwazi kwamba haji kula kitandani. Anakuja kuota moto, na karanga zinamsindikiza.

Nikaamua kuhamia kwenye dini, maana yeye ni mwimbaji wa kwaya. Hapo nilikosea, kwa sababu alikuwa tayari amejipanga. Aliniambia kwamba watu wa zamani, Waroma na wenzao, walipofanya karamu walikula wakiwa wamejilaza kwenye vitanda vya kulia, wameegemea kiwiko cha kushoto, na kwamba hata katika Karamu ya Mwisho Injili ya Yohana inamwonyesha mwanafunzi mmoja akiwa ameegama kifuani pa Yesu. Je, nitamfundisha Yohana adabu? Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamrudia na kitabu cha nabii Amosi, sura ya 6, mstari wa 4, ambapo wanaolaaniwa ni wale wanaojinyosha vitandani huku wakila. Nilisoma kwa sauti, nimesimama, nimevaa miwani. Alisikiliza hadi mwisho, akameza alichokuwa akitafuna, akasema: «Hapo pameandikwa vitanda vya pembe za ndovu na nyama ya wanakondoo. Hiki chetu ni cha mbao, na mimi ninakula karanga.»

Ingekuwa kikanda basi! Kikanda, ule mkate wetu wa viazi vya maua ya porini vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili, hukatwa vipande vinavyoshikamana, havimwagi hata chembe. Nilipendekeza hivyo. Nikajibiwa kwamba kikanda hakisuguliwi, na raha iko katika kusugua.

Haki yangu ya kulalamika, lazima nikiri, ilipata ufa mwezi wa Mei nilipougua malaria. Mgonjwa huruhusiwa, hata bibi yangu aliruhusu. Niliagiziwa uji, ukaletwa kwenye sinia, nikaunywa nikiwa nimeegemea mito miwili, na ninasikitika kusema kwamba sijawahi kunywa uji mtamu namna ile. Homa iliondoka Alhamisi asubuhi. Mimi niliondoka kitandani Jumapili. Jumamosi nilikuwa nimefika kwenye bukari, yaani ugali, pamoja na mchicha tunaouita lengalenga na bitoyo, wale samaki wadogo wa chumvi, sahani ya pili, wakati mama mkwe alipokuja kunijulia hali. Kwa adabu zetu mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mkwe wake, kwa hiyo alisimama ukumbini, nyuma ya pazia, nami nikajibu salamu zake kwa sauti dhaifu ya kupendeza. Kukawa kimya. Kisha nikamsikia akimwambia binti yake: «Mgonjwa wetu anakwangua sahani vizuri.»

Usiku ule kitu kilinichoma ubavuni. Nilikuwa nimekwisha kufumbua kinywa ili nimshtaki mwenye karanga, nikapapasa, nikatoa mwiba wa kitoyo. Nikakifumba kinywa.

Ndipo nilipoona kwamba maneno hayatanisaidia, na kwamba mkosaji wa kweli ni godoro. Jumanne iliyopita, mke wangu akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilifunga mlango, nikatoa shuka, nikalizungusha godoro kichwa kikaja miguuni, hivi kwamba bonde langu likahamia upande wake na mlima wake ukaja kwangu. Nikatandika vizuri. Saa tatu alipanda na sahani yake, akazama, akasema «E!», akakaa kimya akichunguza hali. Nami niliketi juu ya mlima kama chifu nikingojea vigozi viteremke kwa mwenyewe.

Lakini nimekwisha kusema uzito wangu. Mlima haukuchukua hata siku nne. Umebonyea, na sasa tuna mabonde mawili, moja lake na moja langu, na katikati umebaki ukingo wa sponji ulionyooka, wenye upana wa mikono miwili hivi. Jana usiku mke wangu aliutazama ukingo huo, akaupapasa, akaweka sahani juu yake. Haikutikisika. Akasukuma karanga chache upande wangu, nami nikazisugua kwa viganja viwili, nikapuliza kuelekea kwake.