Joki aliyegonga kichwa: nani aamue kama apande tena?

Januari 2013, kwenye uwanja wa Aqueduct, New York, farasi aliyepandwa na joki (mpanda farasi wa mbio) Ramon Dominguez alijikwaa kwenye miguu ya farasi wa mbele. Dominguez akaanguka, na farasi aliyekuwa nyuma akampiga kichwani. Fuvu lilivunjika. Mwezi huohuo alitangazwa joki bora wa Marekani kwa mwaka wa tatu mfululizo, lakini kufika Juni, akiwa na miaka 36 na ushindi wa mbio 4,985, alistaafu kwa ushauri wa madaktari.

Fuvu likivunjika hakuna wa kubishana na daktari. Ubishi huja pale joki anapoanguka, akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi na kusema yuko sawa. Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500 na hukimbia kilomita 60 kwa saa au zaidi, naye joki ana kilo 50 na kitu. Helmeti humkinga asipasuke fuvu, ila haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani yake. Picha za hospitali mara nyingi hazionyeshi kitu, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo daktari hana budi kumpima kwa maswali na macho yake. Anamsomea maneno 10 ayarudie, anamtaka ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, asimame kwa mguu mmoja, kisha atembee mita 3 juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kazi hiyo ikifanywa ipasavyo huchukua dakika 10 hadi 15. Kati ya mbio moja na nyingine kuna nusu saa hivi, farasi ambaye joki anatakiwa kumpanda mbio inayofuata tayari anafungwa tandiko, na mkufunzi wa farasi huyo anataka jibu: anapanda au hapandi?

Tangu Julai 2022, mamlaka ya HISA, inayosimamia usalama wa mbio za farasi na iliyoundwa kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 2020, inataka joki wa farasi wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio wanaopandwa mgongoni, katika majimbo mengi ya Marekani apimwe ubongo kila mwaka akiwa mzima, ili akianguka kuwe na matokeo ya kulinganisha. Akigundulika ana mtikisiko wa ubongo, harudi mpaka apate kibali cha daktari. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, na mtu angeweza kuanguka jimbo moja leo na kupanda jimbo jingine kesho bila kuulizwa.

Wanaolalamikia kanuni hizi wana hoja, na nisingependa zipuuzwe. Joki hana mshahara. Hulipwa kwa kila mbio, na asiyeshika nafasi za juu huambulia ujira mdogo ambao wakala na msaidizi wake wanachukua fungu lao humohumo. Fedha ya maana hutoka kwenye ushindi, ambako hupata kama asilimia 10 ya fungu la mwenye farasi. Akikaa nje wiki tatu, farasi aliyemzoesha alfajiri kwa miezi anapewa mwingine, na huyo mwingine akishinda naye, ndiyo basi tena. Wengine wanasema kipimo chenyewe si cha kuaminika: joki aliyeshinda njaa na kujikausha maji ili apunguze uzito anaweza kufanya vibaya hata kama hakuanguka, na mjanja anaweza kujibu ovyo makusudi siku ya kipimo cha mwaka ili baadaye asigundulike. Hoja inayonisumbua zaidi ni kwamba adhabu ikiwa kubwa, watu wataficha.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba mtu mzima aachiwe uamuzi kwa sababu kichwa ni chake. Kiungo kilichoumia ndicho hichohicho kinachotakiwa kuamua kama kimepona. Tena hapandi peke yake. Waliowahi kukaa jukwaani Ngong, Nairobi, wameona jinsi farasi wanavyobanana kwenye kona. Joki anayechelewa nusu sekunde kuvuta hatamu anawaangusha wenzake ambao hawakuulizwa kama wanakubali hatari hiyo. Na kichwa kikigongwa mara ya pili kabla ya kupona, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ya kwanza.

Ninachoona kimekosekana ni fedha. Mwaka 2004 Gary Birzer alipooza baada ya kuanguka kwenye uwanja wa Mountaineer, West Virginia, ndipo majoki wengi wakatambua kwamba bima ya uwanja iliishia dola 100,000. Kiwango cha matibabu kikapandishwa, lakini matibabu hayalipi kodi ya nyumba. Majimbo machache tu, New York na California yakiwamo, yana fidia ya wafanyakazi inayowahusu majoki. Uingereza ina mpango wa bima unaomlipa joki aliyeumia kila wiki, pamoja na mfuko wa misaada ulioanzishwa mwaka 1964 baada ya majoki wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza ndani ya miezi michache. Marekani imeleta kipimo ikaacha malipo nyuma, kisha inashangaa joki akidanganya. Anayejua kwamba watoto watakula wiki hiyo ana sababu moja kubwa pungufu ya kuficha maumivu ya kichwa.

Halafu kuna madereva wa mbio za vigari, wanaoketi nyuma ya farasi wa Standardbred, aina ya farasi wanaovuta badala ya kupandwa, kwenye kigari cha magurudumu mawili. HISA haiwahusu, wako chini ya tume za mbio za majimbo. Hawaanguki mara kwa mara, lakini kigari kimoja kikipinduka, vya nyuma hukipanda. Kwa kuwa uzito hauwabani, wengi huendesha hadi uzeeni, na usiku mmoja dereva anaweza kuingia mbio kumi. Tume hizo hazihitaji kusubiri serikali ya shirikisho huko Washington: zinaweza kuchukua kipimo kilekile, zikatenga sehemu ndogo ya zawadi za kila mbio kumlipa dereva aliyezuiwa, na kuanza msimu ujao.