Zuieni ukoo mzima wa kemikali

Sheria ya vifungashio inayozuia kemikali mojamoja kwa jina inanikasirisha. Ikishapitishwa, kiwanda huiacha iliyotajwa, huchukua ndugu yake wa karibu, na mlaji hubaki palepale.

Bisfenoli A (BPA) ni mfano. Hutumika katika plastiki ngumu na katika utando wa ndani wa makopo ya chakula, nayo huvuruga homoni. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye chupa za kunyonyeshea watoto. Baadhi ya watengenezaji wakahamia bisfenoli S na bidhaa zikajaa maandishi "haina BPA". Baadaye tafiti za maabara zikaonyesha kuwa hata hiyo S huvuruga homoni. Sasa mzazi aliyeongeza hela kwa ajili ya maandishi yale alinunua usalama gani?

Denmark ilifanya nilichotamani kukiona. Tangu Julai 2020 imezuia PFAS kwa ujumla wake kwenye karatasi na maboksi ya chakula, isipokuwa pale penye kizuizi kinachozitenga na chakula. PFAS ni maelfu ya kemikali. Ndizo hufanya karatasi isilowe mafuta ya chipsi, na huchukua miaka mingi mno kuoza. Kinachonifurahisha zaidi ni namna wanavyopima. Mkaguzi hahangaiki kutafuta jina la kila moja. Anapima florini ya kikaboni, yaani florini iliyoungana na kaboni, ambayo imo katika PFAS zote, na ikizidi mikrogramu 20 kwa gramu ya karatasi, mwenye mali ana maswali ya kujibu. Hapo kubadili jina hakusaidii kitu. Umoja wa Ulaya nao umeweka ukomo wa PFAS kwenye vifungashio vya chakula kuanzia Agosti 12, 2026.

Kwetu Tanzania, marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 niliiunga mkono, na bado naiunga mkono. Lakini ile ilihusu taka: mitaro iliyoziba, mifugo iliyomeza nailoni. Kilichomo ndani ya karatasi inayobeba chakula cha moto ni suala jingine, na muuza chipsi hana maabara.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tayari lina utaratibu wa kukagua bidhaa nyingi huko zinakotoka, kabla hazijapakiwa melini. Kipimo cha florini kiingizwe humo kwa kila shehena ya vifungashio vya chakula, na gharama alipe mwagizaji.