Theluji humlinda nani huko Aktiki?

Huku Mau Narok, nyanda za juu za Kenya, asubuhi ya Januari baada ya usiku usio na wingu, majani ya viazi huamka yamenyauka na kuwa meusi kwa baridi kali, utadhani yamemwagiwa maji moto. Ndiyo maana wenye vitalu huvitandazia nyasi kavu jioni. Mzee jirani yangu, aliyelima viazi tangu ujana wake, aliposikia kwamba mimea ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, hukaa chini ya theluji miezi minane au tisa kila mwaka, alisema, "Hiyo basi imezikwa." Wengi wangemuunga mkono. Mimi naona theluji ile ni nyasi za kitalu.

Theluji iliyoanguka karibuni ni hewa tupu, takriban sehemu tisa kwa kumi, na hewa hiyo iliyonaswa huzuia joto la ardhi lisitoroke. Ikirundikana nusu mita, nje kunaweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri na udongo ukawa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Wala humo ndani hakujalala kila kitu. Vijidudu vya udongo huendelea kuozesha mabaki na kutoa kaboni dioksidi. Majira ya kuchipua yakikaribia na theluji ikipungua unene, mwanga hupenya, na mmea usiopukutisha majani kama Cassiope huanza kujitengenezea chakula kabla haujafunuliwa.

Hata hivyo, mzee hakukosea kabisa. Theluji ikichelewa kuyeyuka hula kiangazi ambacho tayari ni kifupi. Pia huficha kuvu. Huko Abisko, Uswidi, watafiti walijenga nyua ili theluji irundikane zaidi. Miaka kadhaa baadaye, kuvu iliua vichaka vingi vya Empetrum papo hapo penye kinga nene.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kufunuliwa ghafla. Desemba 2007, joto la siku chache liliyeyusha theluji kaskazini mwa Skandinavia. Mimea ikalegeza kinga yake dhidi ya baridi, kisha baridi ikarudi ikaikuta wazi. Kiangazi kilichofuata, maeneo makubwa ya Empetrum yalikuwa ya kahawia, yamekauka. Na Aktiki inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia.

Nilipomsimulia hayo, mzee alinyamaza kidogo. "Sisi upepo ukipeperusha nyasi, tunaamka tunarudishia," akasema. "Huko nani anarudishia?"