Kubishana na Usiyemjua

"Wabishana na nani hapo?" ami aliniuliza. Tulikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, baada ya Isha. Muuza kahawa alikuwa keshapita mara mbili na dele lake, nami nimeinamia simu, kikombe kimepoa.

"Simjui, ami."

"Humjui jina?"

"Jina lake ni herufi tatu na tarakimu. Pahali pa sura ameweka paka."

"Basi wabishana na paka," akasema, akarudi kwenye dhumna.

Watu walicheka, nami nikacheka. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: mtu alileta mtandaoni habari ya wanafunzi wanaoandikiwa insha na programu ya kompyuta, na katika kueleza akaandika "akili bandia", ile Waingereza waiitayo AI. Wa pili akamkosoa, sema akili mnemba. Wa tatu, huyu mwenye paka, akawaambia wote wawili wamepotea, ni akili unde. Habari ya wanafunzi ikafia hapo. Usiku kucha ikawa ni bandia, mnemba, unde, na kila baada ya majibu machache anazuka mmoja kuwaambia Wakenya wakajifunze Kiswahili kwanza.

Ami ana hoja, na si yake peke yake. Utaisikia kwa wazazi, kwa maimamu, kwa walimu, na kwa vijana waliochoka. Barazani mtu huwa na dhamana ya neno lake. Ukimtukana mtu leo, kesho utakutana naye Marikiti amebeba kikapu, au mtapanda feri moja ya Likoni mmebanana bega kwa bega, na baba yake alisoma na baba yako. Kwa hiyo ulimi hupimwa. Mtandaoni mtu hutukana mama wa mwenziwe kwa sababu ya herufi moja, akafunga simu akala chakula chake. Na wanaoumia zaidi ni wanawake. Jirani yangu anayeuza mahamri aliweka picha ya karai lake. Kufika adhuhuri wageni walikuwa washamwambia hayo ni mandazi, yeye ni mvivu, na mengine yasiyohusu unga hata kidogo. Mahamri yake yana tui la nazi na iliki, unga huumuka na hamira tangu usiku, na jina lenyewe lina hamira ndani yake. Hakujibu. Sasa huweka jina la biashara pekee, uso hauonekani.

Kisha kuna hesabu ambayo tangu niisome haijanitoka kichwani. Oktoba 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilivuja, na moja ya mambo yaliyojulikana ni kwamba kuanzia 2017 mitambo yao ilikuwa ikikipa kila kijisura cha hisia, pamoja na kile chekundu cha hasira, uzito mara tano ya dole gumba la kawaida. Tano kwa moja. Chukua mtu aliyekaa akaeleza kwa upole asili ya neno, wasomaji wanne wakampa dole gumba: ana nne. Akaja mwingine na tusi, akamkasirisha mtu mmoja tu: ana tano. Mtambo ukiulizwa ni lipi liende mbele za watu, umeshajibu. Baadaye, mwaka 2020, kampuni ilikishusha kijisura cha hasira hadi sifuri, lakini miaka mitatu ni mingi kwa watu kuzoea. Nikiona mtu ameanza sentensi na "nyinyi watu wa", hujiuliza kama ni tabia yake au ni mazoezi aliyopewa.

Hilo siwezi kulipangua, wala sijaribu. Ila naona ni shitaka juu ya mwenye baraza, si juu ya waliokaa. Mwenye mkahawa naye zamani alifurahi ubishi ukipamba moto, maana vikombe viliongezeka.

Tena hii dhana kwamba wazee wetu walibishana kwa upole, tuitazame vizuri. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840, na washairi wa Lamu wa zama zake walirushiana tungo za kejeli na vitisho mji kwa mji, wakati miji yao ikigombana. Hawakubembelezana. Walichokuwa nacho wao ni vina na mizani: tusi lilibidi likae ndani ya ubeti, na asiyeweza kulikalisha alinyamaza. Hapo ami ananishinda tena kidogo, kwa sababu wa mtandaoni hadaiwi mizani na mtu. Hata hivyo, anayesema kwamba kuzozana na mtu wa mji mwingine kuhusu maneno ni ugonjwa ulioletwa na simu, hajui mji huu.

Basi mbona nisimwache paka aende zake?

Kwa sababu naujua upande wa pili wa historia, ule ambao maneno hayakubishaniwa bali yaliamuliwa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka 1882, iliegemea Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Kimvita kilikuwa na mguu ndani ya mlango. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa maafisa wa serikali za kikoloni na wamisionari, na ukafanyika hapa hapa Mombasa, uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuusimamia uamuzi huo. Tulishindwa nyumbani kwetu, katika mechi ambayo bibi zetu hawakuitwa hata kutazama. Sisemi Kiunguja kilikuwa chaguo baya; lugha moja ya vitabu imetufaa, na ndiyo ninayoandikia sasa. Nasema yaliyofuata. Miaka mingi baada ya mkutano ule niliandika "mtele", yaani mchele, kwenye insha, neno nililolisikia jikoni kila siku, nikatiwa wino mwekundu. "Ndia" kwa njia, wino. "Mtanga" kwa mchanga, wino. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alikuwa na orodha tu, na orodha haibishiwi.

Usiyemjua hubishiwa. Hana cheo cha kukunyamazisha, nawe huna ukoo wa kumtishia. Hajui wewe ni mtoto wa nani, kwa hiyo neno lako litasimama lenyewe au litaanguka lenyewe. Hicho ndicho kinachomchukiza ami, na ndicho kinachonirudisha mimi.

Maneno ya teknolojia yanaonyesha jambo hili kuliko mengine, kwa kuwa hayana wazee. Shuleni tulifundishwa kompyuta ni tarakilishi, tarakimu na akili zimeungwa pamoja kwa ustadi. Sijamsikia fundi wa Mwembe Tayari akimwambia mteja alete tarakilishi yake. Yuasema kompyuta, na mteja yuaelewa. Lakini "kupakua", kuteremsha kitu kutoka mtandaoni, limeshika hata kwa wasiojua kwamba wanatumia neno la kitaalamu. Ami, ambaye alifanya kazi ya ukuli Kilindini hadi mgongo ukakataa, alipolisikia mara ya kwanza aliniuliza, "Wapakua nini nawe umekaa?" Kwake ni kazi ya shehena na jasho, kwa mkewe ni wali kutoka chunguni kuingia sahanini. Neno lilikuwa na nyumba mbili tayari, la tatu halikulishinda. Mfano unaokwenda kinyume changu pia upo: kishikwambi, yaani tableti. Watu walikicheka sana. Kisha sensa ya Tanzania ya 2022 ikafanywa kwa vishikwambi, baadaye walimu wakagawiwa, na kicheko kikaisha. Hapo mabishano hayakuamua kitu, ni serikali iliyotia kitu mikononi mwa watu kikiwa na jina lake. Neno hupenya kwa njia nyingi.

Nirudi kwa paka. Mimi nilikuwa upande wa bandia. Meno bandia, nywele bandia, noti bandia: kifaa hiki nacho hutunga uongo kwa uso mkavu, basi jina limekikaa. Nikaandika hivyo, nikijiona nimemaliza. Akanijibu kwa mistari michache, bila tusi. Tazama, akasema, tunavyofanya Kiswahilini tangu zamani: kuumba, kiumbe, kutuma, mtume, kuteua, mteule. Ile e ya mwisho hutuambia kitu kimetendwa na mwingine. Kuunda, basi, unde. Halafu akaongeza sentensi iliyonikata: "Bandia ni hukumu, unde ni maelezo. Wewe wataka kukihukumu kabla hujakieleza."

Kiumbe nilikuwa nalisema maisha yangu yote, na sijawahi kuiona ile e.

Nilimjibu, maana sikuwa radhi kushindwa mzima mzima. Nikamwambia kwetu Pwani bandia si udanganyifu pekee. Mtoto wa bandia ni yule wa matambara ambaye msichana humfunga leso, akambeba mgongoni, akamlaza, na muda wote ajua fika kwamba halii wala hali. Hadanganywi na mtu. Anacheza. Neno lenye maana hiyo ndani yake halihukumu kwa ukali anaoudhania. Akachelewa kidogo, kisha akaandika kwamba huko kwao mtoto huyo huitwa jina jingine na hakuwa analijua hili. Aliyekuwa akitetea mnemba hakutueleza lolote kuhusu neno lake, isipokuwa mtu mmoja kuuliza kama ni kile kisiwa cha Unguja wanakopiga mbizi watalii. Pale kati palikuwa na matusi ya kutosha. Niliyaruka kama mtu anavyoruka maji machafu ya Mkanyageni siku ya mvua, na najua kuyaruka ni rahisi kwangu kuliko kwa jirani yangu wa mahamri.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mtandao ukazorota. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikawa inasubiri duara lizunguke kwenye kioo. Zote mbili hutua hapa Mombasa. Ugomvi wetu wote ulikuwa ukipita mchangani tunakoogea, na sasa umekwama. Ami alifurahi waziwazi. "Leo tutazungumza na watu," akasema.

Vizuri. Nikauleta mjadala pale pale barazani: kitu hiki tukiiteje? Ami akasema bandia. Fundi cherehani akasema bandia. Mpwa wake akasema kama alivyosema ami. Yule mwalimu mstaafu, ambaye naamini alikuwa na la kusema, alimtazama ami, akachukua kashata. Mjadala uliisha kabla kikombe hakijapoa, na hakuna aliyejua zaidi ya alivyokuja. Adabu ilikuwapo, tele. Yule mwalimu nilimkuta kesho yake njiani peke yake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mnemba ndilo analolipenda yeye, ila si neno la kumwambia mtu mzima mbele ya watu.

Mtandao ulipotengemaa nilimsomea ami majibu ya paka, polepole, pamoja na kiumbe na mtume. Alisikiliza dhumna zikiwa mkononi.

"Unde," akasema. "Kuunda najua mimi. Kuunda ni jahazi. Mwambie jahazi likiundwa halijawa safari bado. Muulize nahodha ni nani."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Jibu likaja mara moja: "Huyo mzee ni nani?"

Nikamsomea. Ami akaweka dhumna yake mezani kwa kishindo.

"Usimwambie," akasema. "Ngoja kwanza ajibu."